Kuhesabu Magari, Kona ya Mtaa wa Nne

Mimi ndiye mweka hazina, kwa hiyo naanza na sarafu:
bati la kahawa, limejaa nusu,
linanuka siagi na sharubati ya mti.
Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi
klabu yetu hukaanga chapati za maji
katika ukumbi wa mpira wa magongo,
dola sita sahani, watoto nusu bei,
na Rosalinda Macaraeg, amwagaye rojo kwa mkono wa kushoto,
hajawahi kuunguza hata moja
ila siku ile.

Siku ile king'ora kilipita.
Mtoto wa akina Dueck, darasa la pili.
Mguu, si kichwa.
Tulilisema hilo mji mzima, si kichwa, si kichwa,
kama watu waliopewa zawadi.
Kona ya Mtaa wa Nne na barabara kuu,
pale malori ya ngano ya Manitoba
hayana habari kwamba kuna shule.

Tukaandika barua.
Baraza la mji likajibu kwa upole:
leteni takwimu.
Taa ya kuvukia haisimikwi kwa huruma.

Basi tukaleta viti vya kukunja.
Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
baridi ambayo pumzi yako mwenyewe
inakugeuka na kukuganda kwenye kope.
Zamu za nusu saa, blanketi, chupa ya chai.
Halldora Bjarnason, miaka sabini na tisa, goti la chuma,
alibonyeza kihesabio chake
kama mtu avutaye uradi:
saa mbili hadi saa tatu asubuhi,
magari mia sita na kumi na mawili.
Walter Prokopchuk hakuamini mashine.
Aliandika kwa penseli, maana wino uliganda,
vijiti vinne na kimoja cha kukata,
vijiti vinne na kimoja cha kukata.

Hesabu si rasmi, likasema baraza.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini kibaba chetu kilikuwa na tundu,
na tundu lilivaa tai.

Tukahesabu tena Machi, katika tope la theluji.
Tukahesabu Mei, na mbu.
Juni wakakubali kulipa nusu
kama sisi tutapata nusu,
tukaanza kuuza balbu nyumba kwa nyumba.
Mzee mmoja akauliza mlangoni,
mbona nilipie taa, mimi sina mtoto?
Halldora akamwambia, wala mimi.
Akanunua mbili.

Walter alifariki Agosti, kati ya nyanya zake.
Mjane wake alituletea daftari,
nami, kwa kuwa ni kazi yangu, nikalikagua.
Malori arobaini na moja. Mabasi matatu.
Na pembeni, kwa herufi ndogo:
*mbwa mmoja. Alitazama kushoto na kulia.*

Taa ilisimikwa Oktoba.
Hapakuwa na utepe. Utepe una bei, nami nilikataa.
Tulimwomba mtoto wa akina Dueck abonyeze kwanza.
Hakutaka.
Alisema kidole kina baridi,
akaficha mkono wote ndani ya koti,
tukatazama viatu vyetu.
Dada yake ndiye aliyebonyeza.
Sekunde nne, nilizihesabu.
Kisha lori la ngano, refu kuliko kanisa la Walter,
likashusha pumzi, likasimama.

Mkutanoni usiku ule nilisoma salio:
dola kumi na moja, senti arobaini.
Rosalinda akainua mkono, ule wa kushoto.
Kituo cha basi pale zahanati, akasema,
hakina benchi.
Mtu wa nyuma akauliza:
tuna takwimu za wanaosimama?

Halldora alikuwa ameshakitoa kihesabio mfukoni,
anakirudisha sifuri kwa ukucha wa dole gumba.
Nikatoka nje kwenda kwenye gari
kuangalia kama viti bado vimo.