Daftari la Vipimo

Hidaya kaja na karatasi ya Amana mkononi,
hajasalimu vizuri, anauliza:
Fundi, mama yangu alikuwa mnene kiasi gani?

Daktari ndiye anayetaka kujua. Si uzito wa leo,
wa leo mzani umeshausema, hamsini na moja na nukta.
Anataka wa zamani. Alipoolewa. Alipofika arobaini.
Mwaka aliokuwa mkubwa kuliko yote.
Nyumbani hakuna ajuaye. Mama mwenyewe anacheka tu,
nilikuwa mtu, mwanangu, nilikuwa mtu.

Basi nikapanda stuli.
Madaftari yako juu, nyuma ya bunda la bitana,
saba, yamefungwa kwa mpira wa sketi.

Siwatu Mkwachu. Themanini na nne.
Kiuno ishirini na sita.
Huo ni mwaka wa foleni na unga wa yanga,
kila niliyempima alikuwa ishirini na sita,
hata kitambaa kilikuwa cha mgawo.
Themanini na tisa, thelathini na moja: kakuzaa wewe.
Tisini na sita, thelathini na nane, na kando nimeandika
mikono ilegezwe.
Elfu mbili na tano, arobaini na sita.
Harusi ya shangazi yako Tausi. Aliingia hapa
mlango ukawa mdogo, watu wakasema mwili umemkubali,
na kweli ulimkubali: mkaa ulikuwa unalipa,
na benchi hilo lilijua nani kakaa.

Hidaya anaandika. Peni inasita.
Kuanzia hapo daftari linarudi nyuma.

Arobaini na mbili. Thelathini na tisa.
Thelathini na nne, Ramadhani ya mwaka juzi,
aliponiletea gauni lile lile mara mbili,
nipunguze ubavuni, kisha nipunguze tena.
Alikuwa na furaha. Njia nzima kutoka Kwa Mnyamani
wanampongeza: mama umependeza,
mama umekuwa msichana, unatumia dawa gani?
Hatumii dawa. Hajajinyima chakula.
Na mimi, pini mdomoni, nikasema umependeza.

Nilikuwa nimeshaona.
Mzee Pazi, suruali nne mwezi mmoja.
Bi Mwanaidi wa Madenge.
Wembamba wa siku zote hawakunitisha,
wako waliozeeka na kiuno chao cha ishirini na nane
wakazika wanene, wakazika na wembamba wenzao.
Na wanene waliobaki na unene wao, wapo,
wanakuja Idi kwa Idi wakilalamikia magoti.
Niliowakosa ni wale walionirudia na nguo ile ile
wakaniambia, fundi, bana.

Sikumwambia mtu. Fundi si daktari.
Fundi anaambiwa bana, anabana.

Fumua ubavu wa gauni lake uone:
mle ndani, kwenye nafasi niliyomwachia aongezeke,
kijani bado ni kijani cha dukani,
hakijaona jua wala sabuni.

Hidaya kakunja karatasi. Anauliza
kama namba hizi zitasaidia kitu.
Nasema mpeleke. Mpeleke kesho, usingoje tarehe ya kliniki.
Yuko mlangoni ndipo anakumbuka:
mama kasema anataka gauni la Idi.
Namwambia aje mwenyewe nimpime upya,
na nitaacha inchi mbili kila upande.

Nikabaki na cherehani, na madaftari saba mezani.
Nikatafuta jina langu.
Halimo; fundi hajipimi.
Nikavuta mkanda wa suruali.
Una matundu matatu niliyoyatoboa kwa msumari,
sikumbuki lini.