Sikio la Nyundo

Baba aliniachia nyundo moja,
mpini wa mzeituni mwitu, kichwa kama ngumi ya mtoto,
na kazi isiyo na mshahara: kusikiliza.
Miaka ishirini na sita pale Makadara
alipita kando ya mabehewa na kandili mkononi
akigonga gurudumu moja moja,
ameinamisha kichwa kama anayenong'onezewa siri.
Gurudumu zima huimba, aliniambia. Ngiii, halafu huvuta.
Lenye ufa husema ndu,
kama mlango wa nyumba iliyohamwa.

Siku hizi hakuna anayegonga.
Kuna kijisanduku, wanasema, kinachopima joto la ekseli
huko Kikuyu, kabla ya mteremko.
Kilipigwa radi mwezi wa nne. Wanasubiri kipuri.

Mimi nakaanga mandazi Laini Saba,
hatua nne kutoka kwenye reli.
Treni ya abiria tunaijua. Tunaondoa mabakuli,
inapita, tunarudisha. Hata kuku wanaijua.
Hii ya usiku ilikuja bila kujitambulisha:
matangi ishirini na mawili, meusi, hayana madirisha,
kutoka kaskazini, yakienda pwani.

Ekiru, bawabu, aliyezaliwa karibu na visima,
ndiye aliyeniambia mafuta yale yana nta,
yakipoa huganda kama samli ya Julai,
kwa hiyo huyapasha moto kwanza,
wakayavisha blanketi la chuma.
Basi fikiria mgonjwa wa homa, mzito kama mtaa,
akiteremshwa kutoka Limuru gizani
kwa breki zinazolia kama mbuzi,
akipita kati ya kitanda changu na jiko langu.

Hayashiki moto kwa urahisi, alitwambia kijana wa viatu safi
kwenye mkutano wa dakika kumi na tano.
Bi Bakhita akamuuliza,
"Kwa urahisi wa nani?"
Tukagawiwa vikaratasi vyenye namba ya simu.

Jumanne moja, saa tisa usiku, treni ikasimama.
Tangi la saba mlangoni pangu
likitoka jasho jeusi kwenye valvu. Tone. Tone.
Watu wakatoka na jerikeni. Siwalaumu,
nami nilikuwa nimeshika ndoo.
Mmoja akawasha kibiriti, ati aone vizuri.
Kofi la Bi Bakhita lilitangulia akili zetu sote:
kibiriti kikaruka, kikaangukia mtaroni, kikasema tss,
na kwa muda hapakuwa na aliyepumua.

Ndipo nikaingia ndani kuchukua nyundo.
Ngiii.
Ngiii.
La tatu, upande wa nyumba zetu: ndu.
Nikagonga tena, pengine ni baridi,
pengine ni moyo wangu.
Ndu.

Nilimkuta dereva amekumbatia chupa ya chai,
macho mekundu, saa ya kumi na saba ya zamu yake.
"Mama, nina ratiba," akasema, wala si kwa ubaya.
Aliandika namba ya tangi kwenye kiganja,
na kiganja kile nilikiona kimejaa namba nyingine,
za jana, za juzi, zikifutwa na jasho.
Honi. Mnyororo ukakaza, behewa likavuta behewa.
Tukabaki tunanusa vidole vyetu.

Ile namba ya kikaratasi nilipiga mara tisa.
Sauti ya kike, tamu, ikanishukuru kwa uvumilivu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema.
Huku kuta ni mabati, na ufa una magurudumu.
Alfajiri nilisogeza jiko: hatua ya tano, ya sita,
ya saba ikagota kwenye ukuta wa jirani.
Hapo ndipo nilipo.
Ikipita, mikono yangu ikiwa ndani ya unga,
nahesabu kwa sikio nililorithi.
Tangi la saba halijarudi.
Au limerudi,
wamelipaka rangi.