Mazi

Kule Jilib, kandoni mwa Juba, walituambia:
nyie si wa hapa, nywele zenu zinasema.
Huku Handeni karani ananiuliza kabila.
"Mzigua," nasema.
Kalamu inasita.
"Mama, wewe si Msomali?"

Nimeitwa mgeni mara mbili,
kwa lugha mbili, na zote nazisikia.

Jana gengeni nikaomba mazi.
Binti, Mzigua kwa baba na mama,
akanichagulia nazi.
Mazi, nikarudia, nikionyesha ndoo.
"Aa, maji! Hicho ndicho Kisomali?"

Nikacheka hadi mtandio ukaniponyoka.

Neno hilo bibi wa bibi yangu
alilivusha bahari, mikono imefungwa.
Nimelirudisha.
Mwenyewe halitambui,
ananidai mia tano ya nazi.