Amri kwa Miguu Yangu

Mlangoni miguu imegoma tena.
Si ukuta, si shimo:
ni kizingiti cha saruji, kimo cha kidole,
nilichokivuka miaka ishirini na sita
nikiwa na bunduki, nikiwa na gunia la mchele,
usiku mmoja nikiwa na Mastura mikononi, tukicheka.
Leo nyayo zimenata sakafuni
kama mabango ya uchaguzi uliopita,
na kiwiliwili kinataka kutangulia bila zenyewe.

Mimi ni Fadimula, sajini wa gwaride, Bombo.
Sauti yangu ilifika hadi sokoni;
wauza nyanya walinyoosha migongo bila kujua kwa nini.
Sasa namwomba mjukuu chumvi,
ananiuliza, "Babu, umesemaje?" mara tatu,
mara ya nne analeta sukari.
Nimekula maharagwe ya sukari.
Si mabaya sana.

Daktari alipolitaja jina, Pakinsoni,
nikadhani ni afisa wa Kiingereza,
mmoja wa wale walioacha picha ukutani kwenye messi.
Nikauliza, "Ana cheo gani?"
Hakucheka. Aliandika vidonge, akaandika saa.
"Si kabla, si baada. Na usimeze pamoja na nyama."
Hapo tukaelewana.
Siku yangu ina adhana tano na vidonge vinne,
na sijakosa zamu.

Jirani mmoja alisema ni pombe,
mimi ambaye hata togwa hunipandisha kichwa.
Mwingine akasema ni damu za vitani,
mkono unadaiwa.
Mastura hakubishana nao.
Alitoka na beseni la maji ya vyombo
akayamwaga pale pale walipokuwa wamesimama.

Kisha usiku mmoja nikaamka, kitanda upande wake baridi,
nikamwona kapiga magoti chini ya taa,
anagundisha ukindu sakafuni,
ule mwekundu wa vikapu vya harusi,
mstari, hatua, mstari, hatua,
toka kitandani hadi mlangoni, toka mlangoni hadi chooni.
"Daktari kasema jicho likiona mstari
mguu unakumbuka kazi," akasema.
"Lala. Sijamaliza."

Ziko siku nyingine.
Mwezi wa Machi dawa ziliadimika Kampala nzima;
Kaltuma, binti yetu, alizunguka maduka hadi viatu vikaisha kisigino.
Siku mbili nililala kama gogo
na Mastura akanigeuza, ubavu huu, ubavu ule,
akanifuta mate.
Sitasema siku zile zilinifunza kitu.
Zilipita, basi.

Lakini asubuhi hii kidonge kimeshaingia kazini
na mimi niko mlangoni na kikosi changu chote:
askari wawili, mmoja mtoro.
Navuta pumzi.
Natafuta mstari mwekundu.
Kifuani, mahali ambapo sauti haijapungua,
naita:
Kikosi! Mguu sawa!
Mbele, tembea!
Kushoto. Kulia. Kushoto.
Mtoro anaburuta kisigino, nitamshughulikia baadaye.
Kulia.
Kizingiti kiko nyuma yangu.

Jua limekaa barazani kama mgeni asiye na haraka.
Mastura anasuka, hainui kichwa.
"Umechelewa," anasema.
"Sajini hachelewi," nanong'ona,
kwa sauti ambayo hata nzi asingeigeukia,
naye anacheka. Kasikia.

Naketi polepole, nusu kwa hiari, nusu kwa kuanguka.
Ananisogezea fungu la ukindu nilitenge,
mwekundu huku, wa kijani kule.
Mkono unatetemeka.
Ukindu haulalamiki.