Swali la Tisa

Kibaigwa, saa nne, vumbi la mahindi
limekaa kwenye kope zangu.
Nina daftari, maswali kumi na mawili,
na simu yenye michoro ya kitu ambacho bado hakipo:
sarafu za mtandaoni, mtu kwa mtu,
bila benki katikati.

"Kitufe cha kubadilishana kiwe na rangi gani?"
Chilongani, mpakiaji, anacheka mpaka anakohoa.
"Rangi? Niambie kwanza,
nani anatangulia kutoa?"

Naandika: rangi, hakujibu.
Kisha nafuta.

Mama Ndahani leo hauzi. Amekuja kubadili alizeti
kwa mbuzi wa mtu wa Mpwapwa asiyemjua.
Nafunga daftari, natazama mikono.
Yeye kashika mdomo wa gunia,
yule kashika kamba.
Hakuna anayeachia.
Kila mmoja anapeleka mkono wa pili
kwenye mali ya mwenzake, anakamata,
na kwa pumzi moja
mbuzi ana wenyewe wawili, gunia nalo wawili.
Kisha vidole vinalegea,
hakuna aliyehesabu.

Namuuliza, kwenye simu angeogopa nini.
"Kuachia gizani," anasema, akivuta kamba.
"Hapo katikati,
nipe pa kushika."

Jioni, nasubiri basi la Dodoma.
Swali la tisa nimelikata.
Chini yake nimechora, vibaya,
gunia, kamba, mikono minne.
Msanifu atauliza hii nini.
Na mbuzi
nimesahau kumchora.