Saa Tatu Asubuhi, Mto Parana

Nileteeni pampu, kufuli, cherehani ya mjane,
kinu cha mahindi kilichong'oka jino.
Saa msiniletee.
Mimi na saa tulishaapizana zamani.

Mpango ulikuwa mwepesi kama wizi wa kuku:
kushuka na mto usiku, taa zimezimwa,
meli tisa za moshi,
na nyuma yake matishari yaliyolala chini kama mamba,
pua tu juu ya maji, kila pua mzinga mmoja.
Wabrazili wangekuwa usingizini, majiko yao baridi.
Kabla ya alfajiri tungepanda sitaha zao
peku, mashati mekundu, visu mkononi.
Amri ilisema: msizizamishe. Zileteni nzima.

(Kulabu za kuzinasia tulizisahau bandarini.
Kwenye sherehe za mashujaa hilo halisomwi.)

Nilikuwa chini, kwenye mashine,
rafadha ilipokohoa mara mbili, ikanyamaza.
Meli ikaanza kwenda ubavu, kama mlevi.

Nikavua, nikazama, tupa mdomoni.
Juni, na Juni ya kwetu ni kipupwe,
maji yanang'ata hadi kwenye ufizi.
Nikapapasa gizani: panga moja halipo,
mhimili umepinda.
Nilijua.
Hapo hapo, pumzi ya kwanza haijaisha, nilijua.

Nikaibuka. Nahodha kainama na kandili.
Nikasema, "Bado kidogo."

Mtu husema hivyo kwa nini?
Nilikuwa na miaka ishirini na miwili,
fundi pekee asiye mgeni katika msafara mzima,
na meli nane zilikuwa zimesimama gizani
zikiningoja mimi, Krisanto, mwana wa mfinyanzi.
Nikazama tena. Bado kidogo.
Mara saba.
Juu yangu nyota zilikuwa zinapungua,
na saa ya nahodha ililia katika mnyororo wake
kama panya ndani ya ukuta.
Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Kulipopambazuka wakatuacha.
Tishari la mwisho lilipotupita
Toribio, mtia kuni wangu, akaruka.
"Huko hawana fundi," akasema, "nipe tupa."
Nikampa.
Kwa lugha ya mama zetu neno hilo,
likipitia puani, ni jina la Mungu.
Alicheka kwa hilo, akiwa tayari mbali.

Saa tatu asubuhi, jua limeshapanda,
ndipo mizinga ilipoanza.
Mtu aliyepanga kuiba kuku akawa anabisha hodi mchana.
Nimesimuliwa mengine: meli ya magurudumu
iliyogeuza pua yake kuwa nyundo
ikapasua zetu moja baada ya moja,
mchanga wa kingo ukameza waliokwama.
Mimi nilisikia tu.
Mto hauleti habari juu. Damu, mbao, kofia,
vyote vilishuka kusini, kwa watu wengine.
Jioni zilirudi nne, zimejaa matundu.
Nilihesabu. Nikahesabu tena.

Miaka imepita, na vita vilivyofuata
vilikula wanaume wengi hata hakuna
anayeuliza kuhusu kijana mmoja na tupa moja,
isipokuwa Ña Petrona, mamake,
ambaye naye haulizi.
Huja na birika lake la chuma, kitako kimeoza,
huketi kwenye kigoda, hunywa mate yake ya moto kwa bombilya
na hutazama mikono yangu.

Nimelitia lehemu birika hilo mara tano,
kila mara nikijua.

Leo amesema, "Bado?"
Neno likanijia lenyewe, limekaa tayari ulimini,
laini, limezoea njia.
Nikalimeza.
"Halifai, mama," nikasema. "Halikufaa tangu siku ya kwanza.
Ningekwambia mapema."

Hakuinuka.
Akalichukua birika, akachungulia mwanga kupitia tundu,
akaniwekea jicho lake kwa upande wa pili.