Vidole Vinne

Mto wetu, Zbruch, ni mwembamba.
Ng'ombe mwenye kiu, alisema marehemu baba,
angeweza kuumaliza.
Lakini ulikuwa mpaka: huku Tsari, kule Kaisari,
na reli zao hazikulingana upana.
Mimi Onufri, fundi wa reli, nilizipima kwa mkono:
ya huku iliipita ya kule vidole vinne.
Kwa ajili ya vidole vinne tulihamisha kwa mgongo
ngano, mayai, majeneza,
kutoka behewa la mfalme hadi behewa la mfalme.

Hata tarehe hazikulingana.
Dada yangu Yustina aliolewa ng'ambo,
akazeeka siku kumi na tatu kabla hajavua shela.

Vita vilipokuja, mumewe Hnat alivishwa kijivu,
mdogo wangu Lavrin akavishwa rangi ya udongo.
Lavrin aliniandikia mara moja tu:
Usiku adui alilia kwenye seng'enge.
Alimwita mama. Alimwita kwa neno letu.
Asubuhi tukaamriwa kusonga mbele. Nikamruka.

Sikujua kwamba falme huanguka vile:
si kama mti, kishindo kimoja, basi,
bali kama paa bovu la nyasi,
konzi leo, konzi keshokutwa,
na panya wakitafuta pa kwenda.

Januari. Theluji magotini.
Motria wa telegrafu akatoka mbio bila skafu,
ukanda wa karatasi unaning'inia mkononi
kama utumbo wa samaki.
"Kyiv wametangaza! Uwanjani, mbele ya kanisa la Sofia!
Huku na kule ni nchi moja. Tangu leo."
Akasoma tena.
Mzee Tadei alivua kofia akasahau kuivaa,
masikio yakambabuka kwa baridi.
Mimi nikachukua taa, nikaenda darajani,
nikainama, nikaweka mkono juu ya chuma.
Vidole vinne.
Tangazo lilikuwa limefika;
chuma kilikuwa hakijasikia.

Sikucheka. Mfupa nao huungwa hivyo:
hufungwa ubao, kisha hungojwa.
Lakini nani alitupa muda wa kungoja?
Wino haujakauka, Kyiv ikatekwa.
Wakaja wekundu, wakaja weupe,
wakaja na wa magharibi,
kila mmoja na bendera yake na njaa yake.
Na sisi wenyewe, tusifichane,
tuligombea kiti kabla ya kusimamisha nyumba.

Julai Hnat alivuka na jeshi zima la kwao, wakisukumwa nyuma.
Buti mkononi, maji ya goti.
"Mpaka uko wapi, shemeji?"
aliniuliza akiwa katikati ya mto, akicheka.
Oktoba chawa walimpata.
Alifia jikoni kwangu, juu ya majani makavu,
akihesabu farasi ambao hawakuwapo.

Halafu wakubwa wakakaa mahali mbali, na kalamu,
na mto ukarudishwa kazini.

Jumapili Yustina husimama ng'ambo, mikono mdomoni:
"Umemlaza wapi?"
Anajua. Nimemjibu mara nyingi.
"Nyuma ya kanisa! Hatua kumi na saba toka mcheri!"
"Mpaka lini, Onufri?"
Hilo sina jibu lake. Lugha yenyewe inanikejeli:
mpaka ni huu mto, na mpaka ndilo neno la kungojea.
Mlinzi hupiga risasi hewani.
Bata wanaruka, wanatua upande wowote wautakao.

Binti yangu Solomia ana miaka sita.
Juzi nilimkuta ameinama relini,
kiganja kimebandikwa kwenye chuma.
"Baba, si vinne. Ni vitano,
na bado pana upenyo."

Nikamfuta kutu mkononi.
Nikamwambia apime tena mwakani.